Charles Pereira: Mtafiti aliyepima kiu ya msitu

KILA ukame unapobisha hodi katika nchi ya Meru na Embu, mjadala wa kale hufufuka. Mto Kathita ukikonda mjini Meru, au Rupingazi ukibaki kujikokota juu ya mawe karibu na mji wa Embu, wazee husema kuwa msitu wa Mlima Kenya umekatwa kupita kiasi na mlima umenuna. Wenye mashamba hujibu kwamba chai na kahawa ndizo zilizosomesha watoto. Wengine huilaumu mikaratusi iliyopandwa kandokando ya mito, na wengine huwalaumu waliochepusha maji kule juu kwa mifereji na mabomba.

Mjadala huo haukuanza leo. Katika miaka ya 1950 uliwagonganisha maafisa wa misitu, makampuni ya chai, wahandisi wa maji na watawala wa kikoloni kote Afrika Mashariki. Kila upande ulijiona una haki, na hakuna uliokuwa na takwimu za kuithibitisha.

Mtu aliyeyatoa mabishano hayo mezani na kuyapeleka mtoni, yakapimwe, alikuwa Charles Pereira. Jina lake halivumi vijijini, lakini miongoni mwa wataalamu wa ardhi na maji ulimwenguni lilikuwa jina kubwa, na kazi aliyoianzishia Muguga ingali ikitajwa kila panapozungumzwa uhusiano wa msitu na mto.

Pereira hakuweka majaribio yake Meru wala Embu. Aliyaweka Kericho, Kimakia, Mbeya na Karamoja. Hata hivyo, swali alilolibeba ndilo hasa linaloulizwa katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya: msitu ukiondolewa, na mahali pake pakaota chai, misonobari au mahindi, mto hupata nini na hupoteza nini?

Kutoka maabara hadi shamba la kahawa

Herbert Charles Pereira alizaliwa mwaka 1913. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, kisha akajikita katika utafiti wa udongo kwenye kituo mashuhuri cha Rothamsted, kusini mwa Uingereza. Elimu aliyoichagua ilikuwa ya namna ya pekee. Hakuutazama udongo kama ghala la mbolea tu, bali kama chombo kinachopokea mvua, kikaihifadhi, kikaipitisha au kuikataa.

Vita Vikuu vya Pili vilimtoa maabara. Alihudumu katika kikosi cha wahandisi cha jeshi la Uingereza, na vita vilipokwisha akajiunga na utumishi wa kilimo wa makoloni. Mwaka 1946 alifika Kenya na kupangiwa kazi katika utafiti wa kahawa.

Zao hilo wakati huo lilikuwa mikononi mwa walowezi. Waafrika walikuwa wamezuiwa kulilima kwa miaka mingi, hadi katika miaka ya 1930 serikali ilipowaruhusu wachache katika Meru, Embu na Kisii kulijaribu chini ya masharti makali. Kwa hiyo wakulima wa miteremko ya Mlima Kenya walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kuumiliki mti uliokuwa alama ya utajiri wa mzungu.

Katika mashamba ya majaribio ya kahawa, Pereira alikutana na tatizo ambalo lingemwandama maisha yake yote. Udongo mwekundu wa milimani ukiachwa wazi, matone ya mvua huupiga na kuugandisha juu. Maji hayaingii tena, hutiririka. Mkulima hupoteza mvua na udongo kwa siku moja.

Pamoja na wenzake, alilinganisha mbolea za viwandani, samadi, namna za kulima na matandazo ya nyasi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1954, yalionyesha jinsi matandazo yanavyouongezea mkahawa mavuno. Nyasi zilizolazwa chini ya mikahawa zilivunja nguvu ya matone, zikaufungulia udongo njia ya kunywa, na zikauhifadhia mkahawa unyevu hadi msimu wa kiangazi.

Mwaka huohuo wa 1954 mpango wa Swynnerton ulipanua kilimo cha kahawa kwa Waafrika. Mafunzo ya matandazo na makinga maji yakawa sehemu ya yale ambayo mabwana shamba waliwahimiza wakulima, wakiwemo wa Meru na Embu. Mkulima aliyetandaza nyasi za nepia chini ya mikahawa yake huenda hakulijua jina la Pereira, lakini alikuwa akitenda jambo lililopimwa naye.

Ubishi wa Kericho

Mwaka 1952 Pereira alihamia Muguga, karibu na Nairobi, kwenye Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki. Shirika hilo lilizihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Alikabidhiwa idara ya fizikia, na baadaye akawa naibu mkurugenzi.

Ulikuwa mwaka mgumu. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikageuka maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Wananchi wa Embu na Meru walihamishiwa katika vijiji vya lazima, na kuingia msituni bila ruhusa kukawa kosa ambalo lingeweza kumgharimu mtu maisha. Msitu, ambao kwa vizazi ulikuwa chanzo cha kuni, asali, dawa na mahali pa ibada, ukawa uwanja wa vita.

Wakati huohuo, magharibi mwa nchi kulikuwa na ubishi wa namna nyingine. Makampuni ya chai ya Kericho yalitaka kukatiwa sehemu ya msitu wa Mau ili yapanue mashamba. Maafisa wa misitu walipinga wakihofu kwamba mito ingekauka wakati wa kiangazi na kufurika wakati wa masika. Makampuni yakajibu kwamba chai nayo ni mti, na haikauki mwaka mzima.

Huko Nyandarua, Idara ya Misitu yenyewe ilikuwa na mpango wa kufyeka mianzi na kupanda misonobari kwa ajili ya mbao. Milima hiyo huupatia mji wa Nairobi maji, na hapakuwa na aliyejua iwapo msonobari hunywa kuliko mwanzi.

Katika Mbeya, kusini mwa Tanganyika, wakulima walikuwa wakipanda mazao kwenye miteremko mikali iliyowahi kuwa msitu. Na katika Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mifugo ilikuwa imemaliza nyasi hadi mvua ikawa haina pa kushika.

Pereira alikataa kujibu kwa kukisia. Alishauri kwamba kila swali lipelekwe kwenye bonde lake, na mto wenyewe uwe shahidi.

Mabonde mawili, swali moja

Njia aliyoitumia inaeleweka kwa urahisi, ingawa kuitekeleza ni kazi ya miaka. Huchaguliwa mabonde mawili madogo yaliyo jirani, yenye udongo, mvua na mimea inayofanana. Kwenye kijito cha kila bonde hujengwa ukuta wa zege wenye mwanya uliopimwa, ili kina cha maji kinachopita hapo kionyeshe kiasi cha maji yatokayo bondeni. Vipimamvua husambazwa toka chini hadi juu.

Kwanza mabonde yote mawili hupimwa yakiwa katika hali yake ya asili, ili ijulikane jinsi yanavyofanana na yanavyotofautiana. Kisha moja hubadilishwa, kwa kufyekwa au kupandwa zao jipya, na la pili huachwa kama lilivyo. Tofauti itakayojitokeza baadaye haiwezi kusingiziwa mvua, kwa sababu mvua imeyanyeshea yote mawili.

Hesabu yake hufanana na ya mfuko wa fedha. Mvua ni mapato. Maji ya kijito ni matumizi yanayoonekana. Unyevu uliobaki ardhini ni akiba. Kinachosalia baada ya hesabu hiyo ndicho kilichonywewa na mimea na kurudishwa hewani kama mvuke. Hicho ndicho Pereira alichokuwa akikitafuta: kiu ya msitu, ya chai, ya mianzi na ya mahindi.

Ili kuifahamu akiba, ilibidi kupima unyevu wa udongo kwa kina cha mita kadhaa. Hapo ndipo watafiti walipogundua jinsi mizizi ya miti ya milimani inavyozama ndani kabisa, ikivuta maji hata miezi ambayo uso wa ardhi umekauka.

Kazi hiyo haikufanywa na mtu mmoja. Ilitegemea wahandisi, wataalamu wa hewa na misitu, na zaidi ya wote ilitegemea wasomaji wa vipimo, Waafrika walioajiriwa kukaa karibu na mabonde hayo. Walivifikia vipimamvua kila asubuhi, kwenye ukungu na matope, wakaandika tarakimu mwaka baada ya mwaka. Ripoti za kisayansi zina majina ya mabwana wa Muguga. Bila daftari za wasomaji hao, zisingekuwa na la kusema.

Mto ulivyojibu

Huko Kericho bonde la kijito cha Sambret, lenye ukubwa wa hekta 700 hivi, lilipangiwa kubadilishwa, na bonde jirani la Lagan likaachwa na msitu wake. Upimaji ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha sehemu ya msitu wa Sambret ikafyekwa na kupandwa chai.

Miti ilipoondolewa, kijito hakikupungua. Kiliongezeka, kwa kuwa wanywaji wakubwa walikuwa wameondoka. Wakati wa kufyeka na kuchonga barabara, maji ya dhoruba yalishuka kwa kasi na tope liliongezeka. Lakini mistari ya chai ilikuwa imepandwa kwa kufuata kontua, na mitaro na njia za maji zilikuwa zimeandaliwa. Michai ilipokua na kuufunika udongo, tope likapungua na mto ukatulia. Chai iliyokomaa ilionekana kunywa kiasi kinachokaribiana na cha msitu, au pungufu kidogo.

Huko Kimakia, katika Nyandarua, mianzi ilifyekwa na misonobari ikapandwa. Wakulima waliruhusiwa kulima mboga katikati ya miche kwa miaka ya mwanzo, kwa utaratibu ambao Wakenya waliuita mfumo wa shamba. Maji ya kijito yaliongezeka wakati miche ikiwa midogo. Misonobari ilipokutanisha matawi, matumizi yake ya maji yakalingana na ya mianzi iliyokuwapo.

Mbeya ndiko kulikotoa jibu lililowashangaza wengi. Bonde lililolimwa na wakulima lilitoa maji mengi zaidi kuliko bonde lenye msitu, hata wakati wa kiangazi. Mahindi hunywa kwa msimu, na msitu hunywa mwaka mzima. Mmomonyoko nao haukuwa mkubwa kama ulivyohofiwa, kwa sababu udongo wa Mbeya umetokana na majivu ya volkano na hufyonza mvua kama sifongo.

Karamoja ilitoa onyo. Katika eneo la Atumatak, ardhi iliyokanyagwa na ng'ombe hadi ikawa tupu ilikataa mvua, na maji yakaondoka kama mafuriko ya saa chache. Sehemu iliyofyekwa vichaka na kupumzishwa malisho iliota nyasi tena, na mvua ikaanza kuingia ardhini.

Ukiyaweka majibu hayo manne pamoja, picha inayotokea haimridhishi mshabiki wa upande wowote. Mti hauumbi maji. Mti hunywa, na msitu mkubwa hunywa sana. Kinachoufanya msitu uwe rafiki wa mto ni ardhi iliyo chini yake: udongo wenye matundu, uliofunikwa kwa majani makavu, unaoipokea mvua ya leo na kuitoa polepole kama chemchemi miezi mingi baadaye. Anayeuondoa msitu na kuulinda udongo hauui mto. Anayeuondoa msitu na udongo wake pamoja hupata mafuriko leo na ukame kesho.

Funzo la mbali, funzo la karibu

Mwaka 1962 Pereira na wenzake walitoa ripoti kamili ya miaka ya kwanza ya majaribio katika toleo maalumu la jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Ripoti hiyo ilisomwa mbali na hapa, kwa kuwa katika nchi za joto hapakuwa na kazi nyingi za namna hiyo.

Mwaka mmoja baadaye, huko New Hampshire kaskazini mashariki mwa Marekani, wataalamu Herbert Bormann na Gene Likens walianza uchunguzi wao mashuhuri katika mabonde ya Hubbard Brook, kwenye msitu wa miti migumu ya nchi za baridi. Bonde moja lilipokatwa miti yote na kuzuiwa lisiote tena, kijito chake kiliongezeka maji, kama ilivyotokea Sambret na Kimakia. Lakini wao walipima pia kemia ya maji, wakaona rutuba ya udongo ikisombwa mtoni. Vipimo vya Hubbard Brook vimepita miaka 60, na uzito wake unatokana na urefu huo.

Majaribio ya Afrika Mashariki hayakupata umri kama huo. Pereira aliondoka mwaka 1961 kwenda kuongoza utafiti wa kilimo wa shirikisho la Rhodesia na Nyasaland. Wenzake waliendeleza vipimo, na baadaye Taasisi ya Hidrolojia ya Uingereza ikawaunga mkono. Ukusanyaji wa takwimu uliendelea hadi miaka ya 1970. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la Muguga likagawanyika pamoja nayo. Matokeo ya mwisho yalichapishwa mwaka 1979, wakati watafiti waliokuwa wakifanya kazi pamoja wametengwa na mipaka.

Kwa Meru na Embu, kuvunjika huko kulikuja wakati mbaya. Kilimo cha chai cha wakulima wadogo kilikuwa kikipanda kuelekea ukingo wa msitu tangu shirika la KTDA lilipoundwa mwaka 1964. Viwanda vya chai vilisimama Mungania na Rukuriri upande wa Embu, na Imenti, Kinoro, Githongo na Michimikuru upande wa Meru. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mashamba ya chai ya Nyayo, ukanda wa michai uliokatwa ndani ya misitu ya hifadhi ili uwe kama uzio kati ya mkulima na mti.

Walioutetea mpango huo wangeweza kuyataja matokeo ya Kericho, na wasingekuwa wamesema uongo. Chai iliyotunzwa huushika udongo. Lakini Kericho haikuthibitisha kwamba kila ufyekaji ni salama. Ilithibitisha kwamba ufyekaji wa sehemu ya bonde, chini ya wahandisi, wenye mitaro na kontua, ulivumilika. Pale ambapo msitu ulifyekwa na chai isipandwe, au ikapandwa na kutelekezwa, funzo lililofaa lilikuwa la Karamoja.

Hofu hiyo haikuwa ya kinadharia. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liliuchunguza msitu wa Mlima Kenya kutoka angani. Lilikuta mikafuri, ambayo wenyeji huiita muthaiti, ikikatwa kwa wingi kwenye miteremko ya kusini na mashariki, tanuri za makaa zikifuka moshi, na mashamba ya bangi yakiwa yamefichwa ndani ya hifadhi. Mwaka uliofuata msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa ili upate ulinzi zaidi.

Gharama ya udongo uliosombwa hailipwi na wakulima wa juu peke yao. Rupingazi, Thuchi, Nithi, Mutonga na Kathita zote huishia katika Mto Tana, na Tana ndiyo inayoendesha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, limekuwa likipokea tope la nyanda za juu na kupoteza nafasi ya maji. Kabla ya kufika Tana, mito hiyo hupita katika nchi kavu za Mbeere na Tharaka, ambako kupungua kwake hupimwa kwa umbali anaotembea mama mwenye mtungi.

Yale ambayo vipimo havikuuliza

Haki inadai kusema pia upande wa pili wa kazi ya Pereira. Vipimo vyake viliuliza mto hupata nini. Havikuuliza ardhi ilikuwa ya nani. Msitu wa Kericho uliojadiliwa kati ya Idara ya Misitu na makampuni ya chai ulipakana na jamii zilizokuwa zimepokonywa ardhi kabla ya hapo, na ubishi uliopelekwa Muguga haukuwa na kiti chao.

Meru na Embu nako, mipaka ya hifadhi iliwekwa na serikali ya kikoloni katika nchi iliyokuwa na walinzi wake. Wazee wa Njuri Ncheke wa Ameru walikuwa na mamlaka juu ya matumizi ya ardhi, na vichaka vya ibada vilivyoachwa bila kukatwa vilikuwa sheria isiyoandikwa. Elimu hiyo ya wenyeji haikuingizwa katika daftari za utafiti wa wakati ule.

Hata hivyo, katika ukoloni uliozoea kumlaumu mkulima Mwafrika kwa kila mmomonyoko, matokeo ya Mbeya yalikuwa na uadilifu wake. Pereira na wenzake wangeweza kuyaficha. Waliyachapisha kama yalivyo: katika udongo ule, mkulima wa mteremkoni hakuwa ameuharibu mto.

Miaka ya mwisho

Pereira alibaki Afrika ya Kati hadi mwaka 1967, akiongoza utafiti wakati shirikisho limeshavunjika na Zambia na Malawi zimeshakuwa huru. Mwaka 1966 alipewa tuzo ya Haile Selassie ya utafiti barani Afrika. Mwaka 1969 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, heshima ambayo wanasayansi wa Uingereza huithamini kuliko nyingi.

Alirudi kwao kuongoza kituo cha utafiti wa matunda cha East Malling, na kuanzia mwaka 1972 hadi 1977 akawa mwanasayansi mkuu wa Wizara ya Kilimo ya Uingereza. Mwaka 1977 alitunukiwa cheo cha Sir. Vitabu vyake juu ya matumizi ya ardhi na rasilimali za maji, cha mwaka 1973 na kingine cha mwaka 1989, vilibeba mabonde ya Kericho, Kimakia, Mbeya na Atumatak hadi katika madarasa ya nchi ambazo hazijawahi kuonja chai ya Kericho.

Alifariki dunia mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 91. Mwaka huohuo Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri upande wa pili wa mlima, alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kazi ya kupanda miti. Wawili hao walitoka pande tofauti za historia: mmoja mtumishi wa serikali ya kikoloni, mwingine binti wa nchi iliyotawaliwa. Mmoja alipima, mwingine alihamasisha. Nchi yenye milima na mito inawahitaji wa aina zote mbili.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2009, serikali ya Kenya iliamuru mikaratusi iondolewe katika ardhi oevu na kandokando ya mito, na ubishi wa miti na maji ukarudi vijijini upya. Wapo waliosema kila mti ni baraka. Wapo waliosema mkaratusi ni mwizi. Jibu la Pereira lingekuwa limeandaliwa nusu karne kabla: kila mti hunywa, na aulizwe wapi umepandwa, udongo wake ukoje, na nani anautegemea mto ulio chini yake.

Urithi wake mkubwa kwa wakazi wa Meru na Embu, basi, ni utaratibu aliouacha. Mto haupimwi kwa msimu mmoja wa mvua wala kwa hotuba ya siku moja. Unapimwa kwa daftari linaloandikwa kila asubuhi, na mtu anayelipwa kuliandika, na serikali yenye subira ya kulisoma miaka 20 baadaye. Panapokosekana daftari hilo, anayeshinda mjadala ni mwenye sauti kubwa, na Kathita na Rupingazi huendelea kupanda na kushuka bila mtu wa kueleza kwa nini.